Ishara na Tunzo: Vipi Mnyama Hufundishika na Vipi Kijana Hutegwa

Katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuhalalishia mawindo yanayokamatwa na wanyama tuliowafundisha, na akatukumbusha kwamba hata elimu ya kuwafundisha imetoka kwake. Katika sura hiyo hiyo, mbele yake, ametuharamishia ulevi na kamari. Wengi wetu huzisoma aya hizi tukaziona kuwa ni mambo mawili yasiyohusiana: moja la mwindaji na mbwa wake, na jingine la mlevi na mcheza kamari. Sisi twataka kuonyesha katika makala haya kwamba elimu iliyopatikana tangu miaka ya 1950 juu ya ubongo wa mnyama, na namna anavyojifunza kwa kutazamia malipo, imeyaweka mambo haya mawili karibu sana. Njia anayofundishiwa mbwa wa kuwinda ndiyo njia anayotegewa kijana wetu na wenye kamari. Mzazi asiyeijua njia hiyo hupata taabu kumfundisha mwanawe, na hupata taabu zaidi kumlinda.

SHARTI ZA MNYAMA ALIYEFUNDISHWA

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesharutisha mambo manne ndipo mnyama wa kuwinda aitwe amefundishika. La kwanza, akitumwa aende. La pili, akizuiwa azuilike. La tatu, akikamata mawindo asile. La nne, mambo haya yakariri kwake mpaka ijulikane kuwa yamekuwa tabia yake. Naye Sahaba Adiyy bin Hatim, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipomwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, khabari ya mbwa wa kuwinda, alijibiwa kuwa mbwa akila katika mawindo basi tusiyale, kwa kuwa huenda amejikamatia nafsi yake.

Msomaji azitie moyoni sharti hizi, maana tutazirejea. Mbili kati ya hizo nne si za kutenda, bali ni za kujizuia. Mbwa anaweza kukimbia bila ya kufundishwa na mtu. Kusimama mbele ya nyama huku mate yanamtoka ndiko kunakohitaji mafunzo. Basi tuulize: kiumbe asiyeweza kuelezwa kwa maneno, hufikishwaje katika hali hiyo?

MATE YA MBWA

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, alikuwako mtaalamu aitwaye Ivan Pavlov. Kazi yake ilikuwa ni kuchunguza namna chakula kinavyosagika tumboni, na kwa kazi hiyo alipata tunzo ya Nobel mwaka 1904. Katika uchunguzi wake aliona jambo ambalo hakuwa akilitafuta. Mbwa wake walitokwa na mate kabla ya kupewa chakula. Walipomwona mtumishi aletaye chakula, au hata waliposikia nyayo zake, mate yalianza kutoka.

Pavlov akaacha mengine akalifuata jambo hili. Alifanya chombo kinachogonga kwa mapigo sawasawa kilie, kisha akatoa chakula. Baada ya kukariri hivyo mara nyingi, mlio peke yake ukatosha kutoa mate. Chakula kilikuwa tunzo, na mlio ukawa ishara ya tunzo. Alipoendelea kuliza chombo bila ya kutoa chakula, mate yalipungua kidogo kidogo hata yakakauka. Walakini mbwa alipopumzishwa, kisha akasikizishwa mlio ule tena, mate yalirejea. Ishara haikufutika, ilikuwa imelala tu.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni ya mbwa peke yao. Katika mwezi wa Ramadhani, jua linapoelekea kuchwa, harufu ya sambusa na ya uji wa pilipilimanga hupita ukumbini, na kinywa cha aliyefunga kikajaa mate hali hajatia kitu ulimini. Nasi tumeumbwa hivyo, na katika kuumbwa hivyo hamna aibu. Aibu huja katika kile tunachokifanya baada ya mate kujaa.

KEMIKALI IITWAYO DOPAMINI

Pavlov aliyaona mate, walakini hakuweza kuona ndani ya kichwa. Mlango huo ulifunguka baadaye. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, nchini Kanada, James Olds na Peter Milner walipitisha waya mwembamba katika ubongo wa panya, wakamwekea kibao cha kubonyeza. Kila alipokibonyeza, umeme mdogo ulipita mahali fulani katika ubongo wake. Waya ulipoangukia mahali penyewe, panya alibonyeza mamia ya mara kwa saa, na katika majaribio yaliyofuata maelfu ya mara. Panya hakupewa chakula wala maji kwa kazi hiyo. Alikuwa akibonyeza ili apate kubonyeza tena.

Miaka 3 baadaye, nchini Sweden, mtaalamu Arvid Carlsson alifanya jaribio jingine. Aliwapa sungura dawa inayomaliza akiba ya kemikali fulani za ubongo, na sungura wakalala hawajimudu, kama waliokufa hali wangali hai. Kisha akawapa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, na kwa muda mfupi wakainuka. Kabla ya hapo wataalamu waliidhani dopamini kuwa ni hatua tu ya kutengenezea kemikali nyingine. Carlsson alionyesha kuwa dopamini yenyewe ina kazi ya kupeleka khabari katika ubongo. Mwaka 2000 alishirikishwa katika tunzo ya Nobel kwa ugunduzi huo.

Dopamini hutengenezwa na mwili wenyewe. Seli zinazoitoa zimo katikati ya ubongo, kwa ndani. Katika ubongo wa mtu, seli zote za fahamu hukadiriwa kuwa kiasi cha bilioni 86, ilhali zile za dopamini hazifiki milioni 1. Juu ya uchache wao, nyuzi zao zimetawanyika na kufika mahali pengi, mfano wa mwadhini mmoja anayesikiwa na mtaa mzima. Seli hizo zikifa nyingi, mtu hupatwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao mgonjwa wake hutetemeka na kuwa mzito wa kutembea.

TONE LA MAJI YA MATUNDA

Tumefika sasa kwenye kiini cha maneno yetu. Katika miaka ya 1980 na 1990, mjini Fribourg nchini Uswisi, mtaalamu Wolfram Schultz na wenzake walisikiliza seli hizi za dopamini, moja moja, katika ubongo wa kima. Seli hizi hata katika utulivu hutoa mapigo machache kwa kila sekunde. Kima alidondoshewa tone la maji ya matunda bila ya kutazamia, na mapigo yakaongezeka ghafla. Mpaka hapo mtu angesema kuwa hii ni kemikali ya furaha, na mambo yamekwisha.

Walakini hayakuisha. Wataalamu wale walitanguliza ishara, kama vile taa, kisha ndipo wakatoa maji ya matunda. Kima alipokwisha kujifunza kuwa ishara ile huleta maji, mapigo yalihama. Yaliongezeka pale ilipotokea ishara, na tone lenyewe lilipofika kinywani seli hazikuongeza kitu. Maji yalikuwa yale yale, na utamu ule ule, lakini hayakuwa na khabari mpya. Tena siku ambayo ishara ilitokea na maji yasije, seli zilinyamaza, na zilinyamaza kwa wakati ule ule ambao maji yalitazamiwa kufika.

Mfano wake ni karani wa duka mwenye daftari mbili. Katika moja ameandika fedha anazozitazamia, na katika nyingine zile zilizoingia. Zikiwa sawa, hufunga daftari akalala. Zikizidi, huamka akatafuta zimetoka wapi, ili kesho afanye vivyo hivyo. Zikipungua, huamka vile vile, ili kesho asifanye. Mwaka 1997 Schultz aliandika pamoja na Peter Dayan na Read Montague kuwa seli za dopamini hufanya hesabu ya namna hii. Hazitangazi tunzo yenyewe, bali hutangaza tofauti baina ya kilichotazamiwa na kilichopatikana. Tofauti hiyo ndiyo inayofundisha. Kwa kazi hii Schultz na Dayan, pamoja na Ray Dolan, walipewa mwaka 2017 tunzo kubwa ya elimu ya ubongo inayotolewa nchini Denmark.

Mwaka 2001 jambo hili lilitiwa katika mtihani mzuri. Kima walifundishwa kuwa picha fulani huleta maji ya matunda. Walipokwisha kuijua, wakaongezewa picha ya pili kando ya ile ya kwanza, na maji yakaja kama kawaida. Kisha ikaonyeshwa ile picha ya pili peke yake. Kima hawakutazamia kitu kwayo, na seli zao za dopamini hazikuijali. Picha ile ilikuwa imeandamana na tunzo mara nyingi, na juu ya hayo haikufundisha neno, kwa kuwa haikuleta khabari ambayo kima hakuwa nayo. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani waliwafanyia panya mtihani wa namna hiyo, lakini safari hii waliziamsha seli za dopamini kwa mwangaza wakati tunzo ilipofika, na panya wakajifunza ile ishara ambayo kwa kawaida wasingejifunza. Hivyo ikadhihirika kwamba dopamini si shahidi tu wa mafunzo. Imo katika kuyaleta.

KUTAKA NI MBALI NA KUPENDA

Liko jambo jingine, nalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaozungumza juu ya nafsi. Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Kent Berridge na Terry Robinson waliwachunguza panya walioondolewa dopamini. Panya hawa hawakutafuta chakula hata kikiwa mbele yao. Watu wakadhani kuwa wamepoteza ladha. Lakini walipotiwa sukari kinywani, waliramba midomo kama panya yeyote anayefurahi. Ladha ilikuwapo, na lililoondoka ni kutaka. Vile vile mwaka 1995 walipatikana panya wadogo waliozaliwa bila ya uwezo wa kutengeneza dopamini. Wangekufa kwa njaa kando ya chakula, lau wasingepewa dawa ya kuirejesha.

Basi kutaka ni jambo moja na kufurahia ni jambo jingine, na katika ubongo zina njia mbalimbali. Aghalabu huenda pamoja, lakini zinaweza kuachana. Anaweza kiumbe akapenda kitu na asinyanyue mkono kukichukua. Na anaweza, kinyume chake, akakikimbilia kwa nguvu zake zote kitu ambacho hakimpi tena raha yoyote. Waliopata kuishi na mlevi au mcheza kamari nyumbani wanalijua hili bila ya kusoma kitabu. Ukimwuliza kama anafurahi, hukujibu kuwa hafurahi. Na jioni humwoni, amekwenda.

PANYA WA MOROGORO

Kabla hatujafika kwenye madhara, ni haki tuonyeshe manufaa. Mjini Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Mafunzo huanza kwa kidude kinacholia kwa mkupuo mmoja. Kila kikilia, panya hupewa chakula, kama vile ndizi. Muda si muda, mlio wenyewe huwa ni bishara kwake. Kisha huwekewa harufu ya baruti ya mabomu. Akiinusa na kuionyesha, husikia mlio na hupata tunzo. Akionyesha harufu nyingine, hasikii kitu. Kwa kiasi cha miezi 9 huwa amehitimu.

Mmoja wa panya hao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, nchi ambayo vita vilikuwa vimeiacha na mabomu mengi ardhini. Mpaka anastaafu mwaka 2021 alikuwa amevumbua mabomu ya ardhini 71, na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi alilimaliza kwa dakika 30, kazi ambayo mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma anaweza kuifanya kwa siku 4. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza linalowahudumia wanyama, naye akafa Januari 2022. Wenzake hunusa makohozi ya wagonjwa ili kutafuta kifua kikuu kilichopita bila ya kuonekana hospitalini.

Tumeyaeleza haya ili ionekane kuwa njia ya ishara na tunzo si mbaya kwa dhati yake. Ni njia aliyoiweka Muumba katika viumbe vyake, na kwayo mkulima wa Kambodia hulima shamba lake kwa amani. Lakini kisu ni kile kile, kwa mpishi na kwa mwizi.

MTEGO WA KAMARI

Sasa tumwangalie huyo mwizi. B. F. Skinner, mtaalamu wa Marekani, aliwafundisha njiwa kudonoa kibao ili wapate punje. Aligundua kuwa njiwa anayelipwa kila anapodonoa huacha upesi punje zikikatika. Njiwa anayelipwa kwa nasibu, mara baada ya kudonoa mara 3, mara baada ya 30, hadonoi kwa kuchoka. Hata punje zikikatika kabisa huendelea kwa muda mrefu. Mwaka 1957 alichapisha, yeye na mwenzake Charles Ferster, kitabu kizima juu ya mambo haya. Mwaka 2003 Schultz na wenzake wakaonyesha upande wa ndani: tunzo ikiwa ya mashaka, baadhi ya mapigo ya seli za dopamini hupanda pole pole tangu ishara mpaka jawabu lipatikane, na hupanda zaidi pale ambapo kupata na kukosa ni nusu kwa nusu.

Msomaji atafakari. Mtu aliyetaka kubuni kitu cha kumkamata mwanadamu kwa udhaifu huu angebuni nini isipokuwa kamari? Tunzo ni ya mashaka, kwa hivyo karani wa ndani halali. Kupata ni mara chache na kwa nasibu, kwa hivyo njiwa hachoki. Na kukosa kwa kidogo nako huvuta. Mwaka 2009 wataalamu wa Uingereza walionyesha kuwa mchezaji aliyekaribia kushinda akakosa, hali fedha yake imekwenda, huzidi kutaka kucheza, na sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi huitikia vile vile. Vijana wetu wanaobashiri mechi za mpira katika simu wanakijua kitu hiki vizuri. Wana kile wanachokiita mkeka, chenye timu kumi. Tisa zikashinda, moja ikasawazishiwa dakika za mwisho, mkeka ukachanika. Kijana hasemi kuwa amepoteza fedha. Husema alibakiza timu moja tu. Na kesho ada ya shule huingia katika mkeka mwingine.

Ushahidi mwingine umetoka kwa wagonjwa wa Parkinson. Baadhi yao walipopewa dawa zinazofanya kazi kama ya dopamini, waliingia katika kamari kwa nguvu, hali maisha yao yote hawakuwa na tabia hiyo. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, tamaa ile aghalabu ilitulia.

Je, maana yake ni kuwa mcheza kamari hana lawama? Hasha. Elimu hii inaeleza mvuto unatoka wapi, na anayevutwa bado ana miguu ya kusimamia. Walakini inatufundisha kuacha kumwambia kijana kuwa yeye ni mjinga tu, kisha tukamwachia simu inayomlilia ishara usiku na mchana. Mwenyezi Mungu ametukataza kuikaribia zinaa, si kuitenda tu, naye ndiye ajuaye alivyotuumba. Vita vya ishara hushindwa kwa kukaa mbali na ishara. Kijana anayetubia kamari na afute namba, afunge jumbe za kampuni hizo, abadilishe njia kama njia yake inapita mlangoni kwao, na fedha zake azikabidhi kwa mzee au mke kwa muda. Wala asijiamini upesi. Mate ya mbwa wa Pavlov yalirejea baada ya kupumzika. Miezi 6 ya salama si dalili kuwa ishara imekufa.

NYUMBANI NA CHUONI

Yabaki ya malezi. Wazee wengi hudhani kuwa mtoto hufundishika kwa fimbo peke yake, na wengine, hasa wa siku hizi, kuwa hufundishika kwa kununuliwa kila kitu. Wote wawili na wayaangalie yaliyotangulia.

Kwanza, sifa na zawadi zije karibu na tendo. Panya wa Morogoro husikia mlio wakati ule ule anapoipata harufu, si jioni. Mtoto akisoma aya kwa usahihi, aambiwe vizuri pale pale. Neno moja la mwalimu kwa wakati wake lafaa zaidi kuliko kanzu ya mwisho wa mwaka.

Pili, zawadi isiwe mazoea. Peremende ya kila siku, kwa saa ile ile, kwa kusoma na kwa kutosoma, haina khabari ndani yake. Mtoto huila na hajifunzi kitu, na siku ikikosekana huona amedhulumiwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusiahidi tusichokitoa. Imepokewa na Abu Daud, kwa Abdullah bin Amir, kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwuliza mama yule alitaka kumpa nini. Akasema kuwa ni tende. Mtume akamwarifu kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Tumeona kima alivyokuwa ishara ilipotokea na maji yasije. Mzazi anayeahidi na asitimize hampotezei mtoto tende moja tu. Humfundisha kuwa neno la mzazi ni ishara isiyo na kitu nyuma yake. Mtoto aliyefundishwa hivyo, ni ahadi ya nani ataiamini atakapokua? Ataamini ya yule anayelipa, ijapokuwa mara moja kwa mia, naye ni mwenye kamari.

Nne, tuangalie ni ishara gani zimejaa nyumbani mwetu. Mtoto anayelala na simu chini ya mto, ikilia akiamka, anafundishwa usiku kucha na mwalimu asiyemjua. Na mtoto anayesikia adhana kisha akamwona baba yake anainuka, mama yake anatandika mswala, naye akaitwa kwa upole asimame kando yao, huyo pia anafundishwa. Ishara ni adhana, na tunzo yake ya kwanza ni kuwa pamoja na wazee wake. Kuijua ladha ya ibada yenyewe kutamjia baadaye, kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu.

KUZUILIKA

Tulisema kuwa mbili kati ya sharti za mbwa aliyefundishwa ni za kujizuia. Mbwa huzuilika kwa kuwa amefundishwa na mtu, na hajui kwa nini anazuiliwa. Mwanadamu amepewa zaidi ya hapo. Yeye huweza kuiona ishara, akahisi mate yanajaa, akajua ni nini kinachomvuta na nani aliyekitega, kisha akasema: siendi. Swaumu ni mazoezi ya jambo hili. Kiasi cha siku 30 kila mwaka, maji yapo mtungini, chakula kipo jikoni, hapana askari mlangoni, na mtu mzima na kijana aliyebaleghe wote wanangoja Magharibi. Anayeweza kuyangojea maji ya halali ana nguvu ya kuiacha kamari ya haramu. Nguvu hiyo anayo. Imebaki kuitumia mchana na usiku, katika Shaaban na katika Shawwal.

Basi, ndugu zetu, na ninyi vijana wetu, mkiliona lile taa dogo la simu linawaka, na moyo unaruka kabla hamjajua kuna nini, jueni kuwa hiyo ndiyo kazi ya seli zile chache zilizo katikati ya ubongo. Zimefanya kazi yake kama zilivyoumbwa. Kazi iliyobaki ni yenu. Jiulizeni ni nani aliyeiweka ishara ile, na anataka mjifunze nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufanye sisi na watoto wetu katika wale wanaotumwa kwenye kheri wakaenda, na wakizuiwa na shari wakazuilika. Amin.